Siku ya Mvua Katika Njia za Singida

Mji wa Bergen, ulioko katika pwani ya magharibi ya Norwe, hupata zaidi ya milimita 2,200 za mvua kwa mwaka, na siku zenye mvua huko hupita 200. Mji wa Singida hupata kati ya milimita 600 na 700 tu, na takriban zote hunyesha baina ya Novemba na mwanzo wa Mei. Kwa hesabu ya haraka mwanafunzi angeweza kusema kwamba msafiri mwenye hema ana sababu ya kuiogopa mvua ya Bergen mara tatu zaidi ya mvua ya Singida. Hesabu hiyo ni sawa, lakini hukumu itokanayo nayo si sawa hata kidogo. Katika nchi ya fiodi watalii huendesha magari yao kutwa nzima chini ya mvua, wakapiga hema jioni, na aghalabu hasara yao ikawa ni nguo zilizoloa na uji uliopoa. Katika Mkoa wa Singida alasiri moja ya mvua yaweza kukata njia, kulizamisha gari mpaka kwenye ekseli, na kuichukua roho ya mtu aliyedhani kwamba mto aliouvuka mkavu asubuhi ungali mkavu jioni.

Sababu ya tofauti hiyo haimo katika wingi wa mvua. Imo katika namna mvua inavyoshuka, katika udongo inaouangukia, na katika njia ambayo maji huipata, au huikosa, ya kwenda baharini. Walimu wa jiografia na sayansi wanaowachukua wanafunzi wao katika ziara za mafunzo wakati wa masika yafaa wayajue mambo haya kabla ya kupakia hema garini.

Fiodi ni mkono wa bahari ulioingia ndani ya bonde refu lenye kuta za mwamba. Sognefjord, iliyo ndefu kuliko zote za Norwe, huingia bara kwa zaidi ya kilomita 200, na mahali penye kina kirefu kuliko pote maji yake hupita mita 1,300. Mabonde hayo yalichimbwa na mito ya barafu, ambayo kwa maelfu mengi ya miaka ilikuwa ikiteremka polepole toka milimani huku ikiukwangua mwamba kama randa ya seremala ikwanguavyo ubao. Barafu ilipoyeyuka, kiasi cha miaka 10,000 iliyopita, bahari ikaingia mahali pake.

Msafiri aliyefika juu ya mteremko wa Sekenke, katika Wilaya ya Iramba, katikati ya masika, aweza kudhani kwamba ameliona jambo la namna hiyo. Nyuma yake uko uwanda wa juu wa Iramba. Mbele yake ardhi inakatika ghafla, na chini, hata upeo wa macho, bonde la Wembere limetandaa liking'aa kwa maji. Lakini hapa barafu haikuhusika. Wembere ni tawi la Bonde la Ufa: ardhi ilipasuka, upande mmoja ukadidimia na mwingine ukabaki juu. (Katika mwamba huo huo wa Sekenke iligunduliwa dhahabu, na dhahabu yake ndiyo iliyotumiwa na Wajerumani mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa vitani, kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora.) Maji yang'aayo bondeni si ya bahari. Yamekuja kwa mvua, nayo hayana kina cha kuogelesha meli. Mahali pengi hayapiti magoti ya ng'ombe. Hata hivyo yamewakwamisha wasafiri wengi.

Tuanze na tone lenyewe. Upande wa Bergen pepo za magharibi huvuka Atlantiki zikichukua unyevu, zikafika milimani na kulazimika kupanda. Hewa ipandayo hupoa, mvuke ukageuka matone, na kwa kuwa pepo hazikomi, mvua nayo haikomi. Mara nyingi huwa ni manyunyu yenye matone ya nusu milimita hivi, yaangukayo kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde. Nchi inayoyapokea imefunikwa kwa misitu, nyasi na kuvumwani, na yaliyobaki hushika vijito vifupi hadi baharini.

Singida hakuna bahari jirani wala pepo zisizokoma. Mvua huja wakati ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana unapolifuata jua kwenda kusini na kurudi. Asubuhi ya siku ya mvua aghalabu ni nyeupe na tulivu, na mgeni akiitazama mbingu atasema kwamba leo hakuna neno. Kufika saa 5 ardhi imepata moto. Hewa iliyoigusa ardhi hutanuka, ikawa nyepesi, ikapanda. Saa 7 mawingu meupe yaliyotapakaa kama pamba huanza kurefuka kwenda juu badala ya kutanda. Hiyo ndiyo dalili ya kuangaliwa. Wingu linaloongezeka urefu kwa jinsi linavyoonekana kwa macho, na ambalo kichwa chake kimeanza kutandaa kama fuawe la mhunzi, limekwisha kupanda kilomita kadhaa, na baada ya muda mfupi litayamwaga maji yake yote mahali pamoja. Mvua ya namna hii huitwa mvua ya myuko, kwa kuwa chanzo chake ni hewa yenye joto kupanda.

Matone ya wingu hilo yaweza kufikia milimita 5, nayo huanguka kwa mita 9 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi na achukue kalamu. Tone lenye upana mara 10 ya tone jingine lina uzito mara 1,000. Nishati ya kitu kiendacho hutegemea uzito wake na mraba wa mwendo wake; mwendo hapa umezidi mara nne na nusu, na mraba wake ni kama 20. Basi tone moja kubwa la Singida laweza kuipiga ardhi kwa nishati ya mara 20,000 ya tone la manyunyu ya Bergen. Ndiyo maana baada ya mvua ya alasiri kuta za nyumba za udongo huonekana zimerukiwa na matope hadi kimo cha goti. Kila tone lilikuwa likichimbua.

Ardhi ipigwayo hivyo huziba. Chembe ndogo za udongo huchambuliwa na matone, zikaingia katika matundu ya ardhi na kuyafunga, na maji yasipopata pa kuingia hutiririka. Huko Mpwapwa, katika Mkoa jirani wa Dodoma, majaribio ya kuyapima maji hayo yalianza mwaka 1933, nayo ni miongoni mwa ya kwanza ya aina yake katika Afrika. Vipande vya ardhi vilizungushiwa kingo, na maji na udongo uliotoka katika kila kipande vikakingwa na kupimwa. Kipande kilichoachwa kitupu kilipoteza karibu nusu ya mvua yote iliyokiangukia. Kipande kilichofunikwa kwa nyasi hakikupoteza hata asilimia 2. Mvua ilikuwa ile ile na mteremko ule ule. Katika Singida, ambako baada ya miezi sita ya kiangazi nyasi zimekwisha kuliwa na ardhi imekanyagwa na mifugo, mvua za kwanza za msimu huikuta nchi ikifanana zaidi na kile kipande kitupu. Ongeza na yale mawe makubwa ya matale yaliyouzunguka mji wa Singida, yenye umri unaopita miaka milioni 2,500, ambayo hayanywi hata tone.

Chukua bonde dogo lenye eneo la kilomita za mraba 20, ambalo mtu aweza kulivuka kwa mwendo wa saa moja. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo si ya ajabu kwa alasiri moja, bonde hilo litakuwa limepokea mita za ujazo 1,000,000. Theluthi moja tu ikitiririka, na yote ikapita katika korongo moja kwa muda wa saa 3, basi korongo hilo litakuwa linapitisha tani 31 za maji kila sekunde. Asubuhi lilikuwa mchanga mtupu. Huenda watoto walikuwa wakichimba visima ndani yake. Zaidi ya hayo, msafiri aliyeko kilomita kumi chini ya bonde hilo huenda hakupata hata tone moja. Mbingu juu yake ni nyeupe. Husikia kwanza mvumo kama wa gari kubwa lijalo kwa mbali, kisha huona povu na takataka, vijiti na majani, vikitangulia; na nyuma yake maji mekundu.

Hapo ndipo ajali hutokea, na mara nyingi chanzo chake ni kukosa subira tu. Dereva huyatazama maji, akakadiria kwamba hayafiki hata goti, akajiambia kwamba gari lake ni zito. Uzito huo hautamfaa kama anavyodhani. Kwa kanuni ya Archimedes, kitu kilichozama kwa sehemu hupunguziwa uzito sawa na uzito wa maji kiliyoyasukuma. Gari dogo lenye uzito wa kilo 1,200 huwa na sakafu ya mita 4 kwa mita 1.6 hivi, yaani mita za mraba 6.4. Kila sentimita 10 za maji zinazopanda juu ya sakafu hiyo hulipunguzia gari kilo 640. Maji yakipanda sentimita 20 juu ya sakafu, gari limekwisha poteza zaidi ya uzito wake wote, nalo huelea. Kama sakafu iko sentimita 18 toka barabarani, basi maji yote ni sentimita 38, chini ya goti la mtu mzima. Ni kweli kwamba maji huanza kuingia ndani na kulirudishia gari uzito, lakini kabla ya hapo matairi hayakamati tena chini, na mkondo umekwisha kulisogeza kando ya kivuko. Nguvu ya msukumo huongezeka kwa mraba wa mwendo wa maji: mkondo wenye mwendo mara mbili husukuma mara nne. Mtu aendaye kwa miguu huangushwa na maji machache zaidi.

Dawa yake haigharimu kitu. Korongo dogo lililojaa kwa ghafla hupungua vilevile kwa ghafla. Saa 3 au 4 za kungoja ukingoni, gari likiwa limerudishwa nyuma mahali pa juu, huwa zinatosha mara nyingi. Mwalimu aliyewaahidi wazazi kwamba watoto watarudi jioni na akawarudisha asubuhi atalaumiwa kidogo, na hilo ni jambo la kuvumilika.

Sasa udongo. Msafiri atokaye mjini Singida kwenda Shelui kwa barabara kuu ya lami aweza asiutambue udongo alio juu yake. Lakini akiacha lami na kushika njia za udongo, mathalani zile zishukazo toka Kiomboi kuelekea vijiji vya kando ya Ziwa Kitangiri, ataona kwamba gari lililokuwa likienda vizuri juu ya mchanga mwekundu linaanza kuteleza mara tu rangi ya njia inapogeuka kuwa ya kijivu, na linasimama kabisa inapokuwa nyeusi. Mabadiliko hayo yana mpango.

Mtu aliyeueleza mpango huo kisayansi ni Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha utafiti cha Amani katika milima ya Usambara. Mwaka 1935 alitoa neno katena, ambalo kwa Kilatini ni mnyororo, kuueleza mfuatano wa aina za udongo zinazojirudia toka kilele cha kilima hadi bondeni. Desemba mwaka huo huo alianza safari kupita sehemu mbalimbali za Tanganyika, akaimaliza Februari 1936. Yaani aliuchunguza udongo wa nchi wakati wa mvua, ambapo kila aina huonyesha tabia yake. Alifariki mwaka 1942, na taarifa ya safari hiyo ikachapishwa mwaka 1947. Wazo lake limeenea katika vitabu vya sayansi ya udongo duniani kote, na si wanafunzi wengi wa Tanzania wajuao kwamba lilizaliwa hapa kwao.

Wakulima, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kulijua. Wasukuma, majirani wa Wanyiramba, wana jina kwa kila pingu ya mnyororo huo: luseni ni udongo wa mchanga ulioko juu karibu na mawe, itogolo huja chini yake, ibambasi ni ardhi ngumu isiyopitisha maji, na mwisho kabisa bondeni ni mbuga. Maji ndiyo yaliyoupanga mfuatano huo. Kwa muda mrefu mvua imekuwa ikizichukua chembe laini na chumvi toka juu na kuziteremsha, ikiacha mchanga mzito nyuma. Juu pakawa na udongo upitishao maji, chini pakawa na mfinyanzi uyashikao.

Mfinyanzi mweusi wa mbuga ni wa namna ya peke yake. Una chembe za madini yaitwayo montmorilonaiti, zilizopangika kama kurasa za kitabu, na maji huingia kati ya ukurasa na ukurasa na kuzitenganisha. Udongo mzima huvimba. Wakati wa kiangazi hunywea, ukapasuka nyufa ambazo mtu aweza kuingiza mkono hata kiwiko. Mvua ya kwanza hutumbukia ndani ya nyufa hizo na kupotea, na msafiri hudanganyika kwamba njia ni salama. Mvua ya pili au ya tatu huzifunga. Tangu hapo maji hayana pa kwenda, na udongo wa juu huwa kama sabuni kwa utelezi na kama gundi kwa kushika: hujizungusha katika tairi, ukajaza nafasi iliyo chini ya bawa la gari, hata gurudumu likakataa kuzunguka. Wapo wanaodhani kwamba weusi wa udongo huu watokana na mboji nyingi. Mboji yake si nyingi hivyo.

Mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyoanza mwaka 1953 na kwa miaka mingi kufanyika wakati wa Pasaka, yaani katikati ya masika, yaliutangaza utelezi wa njia za nchi zetu ulimwenguni. Mwaka 1968 yalianza magari 93. Yaliyofika mwisho yalikuwa 7. Hayo yalikuwa magari yaliyotayarishwa na mafundi na kuendeshwa na watu waliozoea. Basi la shule halina sababu ya kushindana na mbuga iliyolowa.

Katena hiyo hiyo humwonyesha msafiri mahali pa kupiga hema jioni inapofika. Mahali pavutiapo kuliko pote ni mchanga wa korongo: ni laini, umesawazika, una kivuli cha miti ya ukingoni, na hauna miiba. Mahali hapo ndipo pa hatari kuliko pote, kwa kuwa maji ya usiku hayabishi hodi. Mbugani hema litasimama juu ya matope, na vigingi vitang'oka. Juu kabisa, kileleni mwa mawe ya matale, hakuna mafuriko, lakini kuna radi, ambayo hupenda kitu kilichoinuka peke yake, iwe jabali, mbuyu au mtu aliyesimama. Panapofaa ni katikati ya mteremko, juu ya udongo wa mchanga, mbali kidogo na njia ya maji itokayo mawenini na mbali na mti mrefu uliosimama pekee. Wenyeji wengi wamejenga katika sehemu hiyo hiyo ya mteremko, na mgeni asiye na uhakika aweza kuyafuata maboma yao.

Kuhusu radi, wanafunzi waweza kuipima wenyewe. Mwanga hufika papo hapo. Sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, yaani kilomita moja kwa sekunde 3. Toka kumeta hadi kunguruma zikihesabiwa sekunde 9, radi iko kilomita 3. Hesabu ikishuka chini ya sekunde 30, watu wote wawe wamekwisha kuingia ndani ya nyumba madhubuti au ndani ya gari lenye bodi ya chuma na madirisha yaliyofungwa, kwa kuwa bodi huupitisha umeme nje na kuuteremsha ardhini. Hema halimkingi mtu na radi, wala turubai lililofungwa juu ya miti.

Usiku mvua ikikatika, sauti ibakiayo ni ya vyura na ya maji. Sehemu za kusini za Mkoa, upande wa Manyoni, hupeleka maji yao katika Mto Kizigo, na hatimaye Ruaha na Rufiji, hadi Bahari ya Hindi. Lakini sehemu za kati na kaskazini hazina mlango huo. Mjerumani Erich Obst, aliyezipitia kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alipoandika kitabu juu yake aliziita nchi isiyo na mtiririko wa kutoka. Maji ya mabonde yanayouzunguka mji wa Singida huishia katika maziwa ya Singidani na Kindai, ambamo njia pekee ya kutoka ni kupanda angani kwa mvuke. Jua la nchi hii laweza kuvukiza maji mengi kuliko mvua yote ya mwaka. Maji hupanda, chumvi hubaki, na ndiyo sababu maziwa hayo ni ya magadi na hupendwa na heroe. Fiodi ina chumvi kwa kuwa imefunguka baharini. Singidani ina chumvi kwa kuwa imefungwa.

Maji ya Wembere huchukua muda zaidi. Bonde limesawazika mno hata mvua ya Machi hujikokota majuma kadhaa kati ya nyasi kabla ya kufika Ziwa Kitangiri. Ziwa likijaa, humwagikia Mto Sibiti, nao huyapeleka maji hadi Ziwa Eyasi, ambalo ndilo chungu cha mwisho. Daraja la Sibiti, liunganishalo Mkoa wa Singida na Mkoa wa Simiyu, lilijengwa katika miaka ya 2010. Kabla ya hapo mto ulipojaa magari ya pande hizo mbili hayakuwa na njia ya moja kwa moja ya kukutana. Hata sasa, mwezi Mei, wakati mbingu ya Singida imekwisha kuwa nyeupe na wakulima wa uwanda wa juu wanavuna mtama na kuziandaa alizeti, mbuga za chini bado huwa na maji, na gari lishukalo huko mapema mno hukwama siku ambayo hakuna wingu hata moja.